Pazia la Mnara Juu ya Kitanda cha Harusi

Na hilo la pazia sikulimaliza, Bibi. Ile siku nilisimama nje ya ukuta wa makaburi nimekuelekea wewe, nimefika pale mume wangu Faki anapotoka chumbani mbio, Shangazi Time akaniita kwa mbali kwamba boti ya Fundo haimngoji mtu, na kwamba bi harusi haachwi peke yake makaburini. Nikaondoka na maneno mdomoni. Sasa huu ni mwezi wa pili niko huku kisiwani Fundo. Mume wangu amekwenda kutengeneza mashine ya boti ya watu, wali nimeupalia makaa, na daftari langu la Fomu Foo bado lina kurasa nyeupe nyingi. Nimeona nikuandikie. Najua barua haifiki huko uliko. Lakini nikikaa nayo moyoni naona kama nakuficha kitu, na mie sijawahi kukuficha kitu isipokuwa ile sukari guru, nayo ulijua.

Kwanza nivumilie nimsifie mume wetu. Nasema wetu kwa sababu miaka yote uliniita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, ati Babu alikuwa mume wetu sote wawili na mie ndiye mdogo ninayependwa. Sasa nimeleta mume nyumbani, na kwa haki ya utani huo ana mke mwingine makaburini. Nimemwambia. Amesema anakusalimu sana na anaogopa.

Bibi, nampenda mtu huyu mpaka najionea haya. Anarudi kazini ananuka petroli na ndimu, maana mafuta ya mashine huyatoa mikononi kwa ndimu na sabuni ya unga, na mie nimefika mahali nikisikia harufu ya petroli popote moyo unaruka. Akipata ua la kilua ananiletea, lakini hulitia mfuko mmoja na spana zake, basi ua linafika limepondeka, lina mafuta, na mie nalivaa hivyo hivyo. Akimaliza kula husema Alhamdulillahi, kisha hunitazama kidogo, kama vile na mie nimo katika alichokuwa anashukuria. Uliolewa miaka mingi kuliko umri wangu, utaniambia haya hupita. Siku utakayoniambia, nitakujibu. Kwa leo niache.

Wewe ulimwona mara moja tu. Alikuja na wale mafundi walioleta betri za sola za mnara, akabeba betri begani mpaka chumba cha chini, akatoka anatweta, ukampa maji. Akanywa, akasema, "Ahsante, Bibi," akakurudishia kikombe kwa mikono miwili. Alipoondoka ulinigeukia ukasema, "Masikio yale kama milango ya gari iliyoachwa wazi. Mume wa namna ile, kila utakalomwambia litaingia." Mie nikajidai sijasikia. Nilisikia, Bibi. Nililala nalo siku nyingi.

Sasa pazia.

Watu wengi wanaujua mnara wetu kwa taa yake. Vyombo vinavyotoka Tanga na Mombasa vinauona kabla havijaiona Pemba yenyewe, na umekuwa ukiwaka tangu kabla hajazaliwa baba yake Babu, tangu ulipoletwa kwa meli vipande vipande vya chuma na kufungwa kwa boliti pale rasini. Watu wanadhani kazi ya mnara ni ya giza tu, mchana umesimama bure unapigwa picha. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba adui wa taa ni jua. Nilikuwa na miaka saba. Ulinipandisha zile ngazi za kuzunguka, umenishika gauni kwa nyuma nisije nikaponyoka, ukanionesha kioo kikubwa cha taa, kile chenye magamba kama samaki. Ukaniambia kioo hiki hakijui usiku wala mchana. Usiku kinachukua taa ndogo na kuipeleka mbali baharini. Mchana kinachukua jua lote lililoingia dirishani na kulikusanya mahali pamoja padogo kama punje ya mtama, na chochote kitakachokuwa hapo kinaungua. Ndiyo maana asubuhi, jua likiwa bado limo majini, lazima pazia lizungushwe kwenye vioo vya kile chumba cha juu, na jioni lifunguliwe ili taa ione njia. Ulilishona mwenyewe, kitambaa cheupe kizito, na pete za shaba za kulitundikia alizichonga Babu.

"Jua halina adabu, mke mwenzangu," ulisema. "Ukiliachia mlango linaingia mpaka chumbani."

Unakumbuka nilipokuwa na miaka tisa nikafunga nusu, nikashuka mbio kumuwahi muuza ubuyu? Niliporudi, pazia lilikuwa limetoboka tundu la ukubwa wa shilingi, kingo zake nyeusi, linafuka moshi. Nilingojea kofi. Hukunipiga. Ulikata kipande cha mviringo kutoka kwenye gauni lako kuukuu la buluu, ukaziba tundu, ukasema, "Hiki si kiraka, hii ni alama. Siku ukisahau tena, itakukumbusha." Nilicheka. Kitambaa kitanikumbusha vipi na mie niko mbali nacho?

Toka hapo sikusahau. Babu alipofariki na Ami Hamad, mwanao wa mwisho, akarithi ufunguo, tuligawana. Taa siku hizi inajiwasha yenyewe, lakini vioo havijifuti chumvi na pazia halijifungi. Ami akashika vioo, betri na kufungua jioni. Kufunga asubuhi kukawa kwangu. Na wewe, katika zile wiki zako za mwisho, ulipokuwa huwezi kunyanyua hata kikombe, kila asubuhi ulinishika kidole ukaniuliza neno moja tu.

"Umefunga?"

Nimefunga, Bibi. Kila siku nilikujibu hivyo, na kila siku ilikuwa kweli. Asubuhi ya mwisho pia nilikujibu, na mpaka leo sijui kama ulinisikia. Nilijiambia nitalifunga pazia lile maisha yangu yote ili jibu langu libaki kweli.

Basi sikiliza nilivyofanya.

Siku nne kabla ya harusi niliutazama mnara nikaona pazia limefubaa, manjano kama jino la mzee. Nikawaza wageni wa Fundo watakuja, watainua macho, watasema nyumba ya bi harusi ina pazia chafu. Mawingu yalikuwa mazito na mvua ilikuwa ikinyesha na kukatika. Nikasema ndiyo nafasi yenyewe. Nikalishusha, nikazitoa pete nikaziloweka kwa ndimu kwenye beseni uani, nikalifua kwa buluu ya kufulia mpaka likawa jeupe kuliko siku ulipolishona, nikalianika pamoja na kanga zangu. Likikauka nitalirudisha, haidhuru siku moja, jua lenyewe halipo.

Halikukauka siku hiyo, wala ya pili. Na siku ya pili wakaja wanawake na singo, wakanisugua mwili mzima ninukie, kisha hina mikononi na miguuni mpaka magotini. Mtu mwenye hina mbichi hagusi kitu. Nililishwa kama mtoto, niliambiwa nisiinuke, nisijikune, nisifikiri, na hilo la mwisho nililitii kuliko yote. Nikikaa pale nilikuwa na jina moja tu kichwani, nalizungusha kama pipi. Nilisahau, Bibi. Nimetafuta neno jingine la kukuandikia, sikulipata. Jambo moja ulilonikabidhi, na sikulisahau kwa ugonjwa wala kwa msiba. Nililisahau kwa furaha.

Shangazi Time, binti yako huyo asiyeweza kuona kamba ya nguo bila kuipunguza, alikuwa anapamba chumba. Alipita uani akaona kitambaa kizuri, kizito, kinanukia sabuni. Akadhani ni zawadi ya mtu. Akakichukua, akakitundika juu ya kitanda kwa mikunjo, akachomeka asumini kila mkunjo. Watu waliokuja kukiona chumba walikisifu. Mie nilipoingizwa nilikuwa nimefunikwa ushungi, kisha nikafunuliwa, na kwa siku mbili za kwanza sikutazama dari.

Ami alipanda jioni kuangalia taa, akaona pazia halipo. Akasema moyoni, la pazia ni la Sabiha, bila shaka liko kambani. Kulikuwa na mvua bado, na nyumba ilikuwa imejaa watu wanaotaka kula. Hakuuliza.

Fungate tulikaa nyumbani kwenu, chumba kile chenye dirisha linalotazama mnara. Asubuhi ya siku ya tatu mvua ilikatika kabisa. Niliamka nimechelewa, jua limeingia mpaka kwenye mkeka. Nilikuwa nimelala chali, namsimulia Faki habari zako, tena nakuigiza sauti, nimefika pale unapomfukuza kuku wa jirani kwa maneno ya heshima, macho yakapanda juu. Katikati ya asumini zilizonyauka kulikuwa na kiraka cha buluu, cha mviringo.

Nikamuuliza, "Jua limetoka saa ngapi?"

Maskini, alidhani ni maneno ya mapenzi. Akanigusa pua akasema, "Jua langu limetoka hapa."

Siku nyingine ningeyaandika maneno hayo ukutani. Siku ile niliruka kitandani na kuukimbilia mlango. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kizingiti kama mlinzi wa benki, anachambua mchele. Akanyoosha mguu mlangoni.

"Bi harusi hatoki mpaka siku saba ziishe. Hata nyumba ikiungua."

"Na ukiungua mnara?"

"Mnara wa chuma huo. Hauungui."

Nikamwonesha kitandani. Nikamwambia lile ni pazia la Bibi. Uso wake ulivyobadilika, Bibi, naona mpaka sasa anaulizwa na wewe usingizini. Lakini mguu hakuuondoa. Nilielewa kwamba kama nikimruka, na nikitoka mimi na hina yangu na nywele zangu mbele ya wanaume waliojaa uwanjani, itasemwa mpaka wajukuu wangu wazeeke. Na saa mbili ilikuwa imeshapita.

Faki alikuwa ameshasimama. Aliniuliza neno moja tu, "Nifanye nini?"

Nikamwambia kwa pumzi moja. Ufunguo uko nyuma ya mtungi wa barazani. Ukipanda usitazame chini. Ukifika juu usikitazame kioo, kipe mgongo. Anzia mashariki. Hakunikatisha hata mara moja, alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, na yale masikio, Bibi, niliyaona yanafanya kazi. Akavuta pazia, asumini zikatumwagikia kichwani sote wawili, akalikumbatia, akaruka mguu wa Shangazi, akaenda.

Hapa ndipo utakapocheka. Bwana harusi, siku ya tatu, kikoi na fulana, kichwa kinang'aa mafuta ya nazi, anatoka chumbani mbio na kitambaa cheupe kifuani. Wanawake waliokuwa uani wanakuna nazi walimwona, na unajua walidhani ni kitambaa gani, kile cha kumwonesha mama mkwe. Wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Mmoja akasema, "Huyu anakipeleka Fundo kwa miguu." Alipopita dukani wanaume wakamwita, "Bwana harusi, kulikoni, umeshafukuzwa?" Yeye anajibu bila kusimama, "Jua, jua." Wakatazamana. Mzee mmoja akasema fungate humpata mtu hivyo asipokula vizuri.

Mie nilikuwa dirishani, nimesogeza ubao kidogo, natazama kile chumba cha vioo kinavyong'aa. Sikuwahi kukiona kinang'aa hivyo mchana, maana siku zote nimekifunga. Kilikuwa kizuri. Nilikuwa nakuomba radhi kwa sauti. Kisha upande wa mashariki pakatokea weupe. Ukacheza, ukashuka, ukapanda tena, ukatulia. Nikashusha pumzi.

Halafu nikakumbuka pete.

Zilikuwa uani, kwenye beseni, katika maji ya ndimu. Pazia lile bila pete halina pa kushikia. Halijitundiki. Basi weupe ule niliouona umetulia pale juu, nani ameushika? Nikajua, Bibi. Nikajua amesimama ameinua mikono, ametandaza pazia kwa mwili wake, kama mtu aliyeanza dua na hakuna wa kumwitikia amin. Na sikumwambia mpaka lini.

Nilimwita Shangazi. Mara hii hakubishana. Alizikusanya zile pete kwenye upindo wa kanga, akatoka kumtafuta Ami, ambaye alikuwa shambani anakata kuni za kupikia wageni. Ilichukua muda. Wali wa asubuhi uliiva, ukapakuliwa, ukapoa. Jua lilipanda na weupe ule ukapanda nalo, kidogo kidogo, hauachii. Kuna wakati ulitetemeka. Nilikuwa nimeshika nondo za dirisha na mie mikono yangu ikaanza kuuma, na nilijua pale, kwa namna ambayo sikuijua hata siku ya nikahi, kwamba nimeolewa.

Ami alinisimulia baadaye. Alimkuta Faki amekipa kioo mgongo, macho ameyafumba, mikono inacheza kama ya mgonjwa wa homa. Chumba kilikuwa kinanuka plastiki. Waya wa taa ulikuwa umelainika upande mmoja, bado kidogo ugusane na mwenzake, na kama ungegusana taa isingewaka jioni ile. Kigoda chako kile cha mvule, ulichokuwa ukikalia ukipumzika juu, kimepata mstari mweusi kama wa kalamu. Ami akamwambia, "Shusha mikono, mwanangu, nimefika." Faki akajibu, "Mke wangu hakuniambia nishushe."

Ami akafunga pete moja moja, akaanzia mashariki.

Jioni hiyo wageni wa mwisho wa Fundo walikuwa waondoke, pamoja na mama mkwe wangu, na njia yao inapita kwenye miamba ile ile. Sikula mpaka baada ya magharibi, nilipoona taa imewaka. Mama mkwe alituma sauti kwenye simu ya Faki, "Tumefika salama, taa ya kwenu tumeiona safari nzima, mshukuru mkeo." Faki alinitazama. Mama hajui mpaka leo, na wewe usimwambie.

Mikono yake haikupanda siku nzima. Nilimlisha kwa mkono wangu wenye hina, kama nilivyolishwa. Shangazi alituletea supu ya pweza, akaiweka chini, akasema, "Hii ya leo ni ya mikono tu."

Lakini mie moyo haukutulia. Kila nilipofumba macho nilisikia unaniuliza neno lako. Na siku ya saba, siku ya kutoka, nguo zangu zikiwa zimeshafungwa kwenye sanduku, nilimwambia Faki sihami. Nilimwambia mie si mtu wa kuaminiwa na furaha. Ikiwa siku tatu tu za mapenzi zilitaka kuizima taa iliyowaka toka enzi hizo, nikienda Fundo nitakuwa nimekukana kabisa. Akae yeye huku au tuishi mbali mbali, lakini pazia silitupi tena.

Hakukasirika. Alikwenda akakaa barazani na Ami na Shangazi, mie nikawa nasikiliza nyuma ya mlango. Akasema, "Mke wangu anasema haondoki, na mimi sitamvuta." Ami akasema kosa si la Sabiha peke yake, kazi ya taa haiwekwi kwa mtu mmoja, yeye alipanda akaona halipo na akashuka bila kuuliza. Halafu nikasikia Shangazi anaguna, lile guno lake la kuinua gunia.

"Mimi ndiye niliyelitoa kambani. Nitalifunga mimi."

Ami alicheka mpaka akakohoa. Bibi, unamjua binti yako. Anaogopa hata kupanda kitanda kirefu cha besera. Miaka yote amekaa chini ya mnara ule na hajawahi kufika ngazi ya tatu. Lakini alfajiri iliyofuata alipanda. Mie nilikuwa nyuma yake, namshika gauni kwa nyuma kama ulivyonishika, na yeye anapanda kwa magoti, anasoma kila aya anayoijua na mbili asizozijua vizuri. Tulipofika juu alikaa kwenye kigoda chako akalia kidogo. Akasema, "Kumbe Mama alikuwa anayaona haya yote kila siku na anatuambia amekwenda kufunga pazia tu."

Nilimfundisha siku tatu. Kisha nikavuka.

Sasa kila asubuhi simu yangu inalia kabla sijawasha moto. Ni sauti ya Shangazi, na kwa muda mrefu si maneno, ni pumzi. Haa. Haa. Kisha, "Nimefunga. Mungu anakuona, Sabiha." Faki husema hiyo ndiyo saa yetu ya kuamkia. Siku moja ilichelewa, nikawa nazunguka uani na kanga moja, mpaka ikaja, "Nimefunga zamani, nilikuwa naangalia bahari." Kwa hiyo na yeye ameshapatikana.

Habari nyingine ni ndogo. Wageni wa kuja kutazama mnara wamezidi, Ami anawapandisha na kuwaambia wasiguse pazia. Manahodha wengi wana ramani kwenye simu siku hizi. Faki pia anayo, lakini tukitoka Wete magharibi imeshaingia, nimemwona, hutazama simu mara moja na mnara mara tano. Nilimuuliza kwa nini. Akasema simu inamwambia alipo, taa inamwambia kuna mtu. Nikamwomba aseme tena. Akakataa.

Upande wa kaskazini wa kisiwa chetu taa yako inaonekana, ndogo kama cheche ya kijiti. Nikishamaliza vyombo nakwenda kuitazama kidogo, naye anakuja nyuma yangu anajidai anatafuta kuku.

Nimeshona pazia jipya. Kitambaa tulinunua Wete, kizito kama chako, na safari hii yatakuwa mawili, moja likifuliwa jingine liwe juu. Hilo nilipaswa kulifikiri zamani. Kwenye hili jipya nimeshona kiraka cha mviringo kutoka kwenye kanga yangu ya harusi. Faki aligeuza geuza akaniuliza, "Tundu liko wapi?" Nikamwambia halina tundu. Hiki si kiraka, hii ni alama.

Lako la zamani bado lipo juu, Shangazi ndilo analofunga, lakini kitambaa kimechoka, jua la miaka limekila, halitamaliza msimu. Hapo ndipo nina ombi, na naomba kwa adabu zote, ingawa wewe ni mke mwenzangu na hatupaswi kupendana hivi. Ami amesema la zamani nikate matambara ya kufutia vioo. Nataka nimkatalie. Nataka nije nalo Fundo nilitundike juu ya kitanda chetu, kama Shangazi alivyolitundika kwa kukosea. Kila nitakapoamka na furaha yangu, nikiinua macho nilione. Sitaki kupunguza furaha, Bibi. Nataka tu iwe na kitu cha kuiuliza.

Nitakuja kabla mwezi huu haujaisha. Faki ameshaomba ruhusa ya siku mbili. Tutalala kwa Ami, na alfajiri nitapanda na Shangazi nitundike jipya, nianzie mashariki, kisha nishuke nije kwako jua likiwa bado changa. Nitasimama pale pale ukutani, na mume wetu nitamsimamisha pembeni umwone masikio. Usiniulize kitu. Nitakwambia mwenyewe, kabla hata ya salamu.